Gari jipya linanuka mayai viza: kabla hujakubali masega yakatwe

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Isamilo hapa Mwanza, nina duka la dawa karibu na Makoroboi. Mwaka jana nilinunua gari jipya kabisa, sifuri kilomita, kwa wakala wa Dar es Salaam. Ni dogo, petroli, injini ya 1.5, gia otomatiki. Limetembea kilomita 5,200 tu. Wiki tatu sasa linatoa harufu ya mayai viza, hasa nikishapanda kilima cha nyumbani na kusimama getini. Taa ya cheki injini haijawaka, nguvu iko vilevile, mafuta sioni kama yameongezeka sana. Likizo tulikuwa tunaenda nalo Bunda kwa mama karibu kila wiki na halikunuka. Shule zilipofunguliwa nikarudi kwenye ratiba ya kupeleka watoto, dukani, nyumbani, na nikaanza kujaza mafuta kwenye sheli ya karibu badala ya ile ya zamani. Shemeji anasema mafuta yamechakachuliwa. Fundi wa mtaani anasema masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi, yamekufa, atayakata na kuunganisha bomba, tena bure. Wakala kwa simu anasema ni kawaida ya gari jipya. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, pole kwa usumbufu, na asante kwa kueleza kwa mpangilio. Watu wengi huniandikia "gari linanuka, nifanyeje" halafu basi. Wewe umetaja lini imeanza, wapi inanuka, na nini kilibadilika kabla ya hapo. Nusu ya uchunguzi umeshaufanya mwenyewe.

Nijibu kwanza swali la nani wa kumsikiliza. Shemeji ameelekea upande sahihi ila amekwenda mbali kidogo. Wakala amesema jambo la kweli lisilolingana na maelezo yako. Na huyo wa bure usimruhusu hata kuweka jeki.

Harufu ya mayai viza ni gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Pua ya binadamu huinasa ikiwa chini kabisa ya sehemu moja katika milioni ya hewa, kwa hiyo kiasi kidogo mno kinatosha kukufanya ushuke ukague gari zima. Salfa yake inatoka kwenye petroli yenyewe. Mafuta ghafi hutoka ardhini na salfa, kiwanda huipunguza, na inabaki kidogo kulingana na kiwango cha nchi yanakokwenda. Japani na Ulaya wameshuka hadi sehemu 10 katika milioni. Ukanda wetu umekuja nyuma: dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa hadi sehemu 50 kuanzia 2015, na kabla ya hapo tulikuwa tunachoma yenye 500. Fanya hesabu ndogo. Tangi la lita 40 lina takriban kilo 30 za petroli. Ikiwa na salfa sehemu 10, tangi zima lina gramu 0.3 za salfa. Ikiwa na sehemu 50, ni gramu moja na nusu. Yaani hata bila mtu yeyote kuchakachua chochote, injini inaweza kupokea salfa mara tano ya ile ambayo injini kama hiyo hupokea ikiwa Tokyo.

Sasa, salfa ikiungua ndani ya injini haitoi harufu ya mayai. Inatoa dioksidi ya salfa, ambayo inawasha pua kama njiti ya kiberiti iliyotoka kuwaka. Mayai yanapatikana mbele zaidi, kwenye masega. Humo ndani mna kauri yenye vitundu vingi vidogo, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kuchukua kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni na kuzigeuza kuwa dioksidi ya kaboni, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida. Katika mipako hiyo mna pia madini ya seriamu, yaliyowekwa ili kuhifadhi oksijeni ya akiba. Seriamu hiyo hainasi oksijeni peke yake. Inanasa na salfa pia.

Ndipo mambo yanapoanza. Ukiendesha taratibu, hewa ikitosha, salfa hukaa mle ndani kimya, kama maji kwenye sifongo. Ukikanyaga mafuta kupanda kilima, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inaongeza petroli kuliko hewa, oksijeni kwenye ekzosi inapungua, haidrojeni inazidi, na salfa iliyojikusanya inang'oka kwa pamoja ikiwa haidrojeni salfaidi. Ukiwa unatembea, upepo unaiacha nyuma yako. Ukisimama getini kusubiri mtu afungue, inakukuta. Kilima cha Isamilo, kisha geti: dada, umenielezea jaribio la maabara bila kukusudia.

Wakala naye ana sehemu yake ya ukweli. Masega mapya yana nguvu kuliko ya gari lililotembea kilomita laki moja, uso wake bado haujachoka, na yanageuza salfa kwa wepesi zaidi. Magari mengi hunuka hivi katika kilomita elfu chache za mwanzo kisha yanatulia yenyewe. Marekani wameijua harufu hii tangu magari ya 1975 yalipoanza kutoka kiwandani na masega. Lakini kama upya ndio sababu pekee, gari lako lingenuka tangu mwezi wa kwanza na sasa lingekuwa linapunguza. Lako limefanya kinyume. Limekaa vizuri kwa zaidi ya kilomita elfu nne, likaanza ghafla wiki tatu zilizopita. Kuna kitu kimebadilika, na kwa maelezo yako vimebadilika viwili kwa wakati mmoja: safari na sheli.

Tuanze na safari, maana watu huidharau. Masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Yanahitaji kufika nyuzi joto 250 hadi 300 hivi ndipo yaanze, na injini baridi hupewa petroli ya ziada hadi ipate moto. Ukitoka Isamilo kuteremka hadi shule, kisha Makoroboi, ukazima, jioni ukapanda tena, masega yako yanatumia sehemu kubwa ya maisha yao yakiwa vuguvugu, yakikusanya salfa bila kupata nafasi ya kuitoa. Bunda ni habari nyingine. Ukiwa barabara ya Musoma saa nzima kwa mwendo wa kilomita 80, masega yanapata moto wa kutosha na salfa inapita moja kwa moja badala ya kulundikana. Kwa hiyo likizo ilikuwa inayasafisha masega yako kila wiki, na shule ilipofunguliwa usafishaji ukakoma.

Kabla hatujafika kwenye mafuta, naomba uhakikishe jambo moja, kwa sababu nikikosea hapa yote yanayofuata hayana maana. Je, harufu inatoka kwenye bomba kweli? Betri ya gari inayochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni salfaidi ileile, harufu ileile, na nimeona watu wakibadilisha vitu vya ekzosi huku betri inachemka chini ya boneti. Simamisha gari mahali wazi pasipo upepo, injini ikiwa ya moto na inanguruma, umwambie mtu asimame nyuma na mwingine mbele na boneti imefunguliwa. Harufu ikiwa mbele, zima gari, usiwashe kiberiti wala sigara karibu, maana betri ya namna hiyo inatoa pia haidrojeni inayolipuka. Mwite fundi umeme apime chaji kwa mita. Chaji ya kawaida huwa kati ya volti 13.8 na 14.7. Magari mengine ya kisasa hupanda kidogo kwa muda mfupi, hilo si tatizo. Ikikaa juu ya 15 na haishuki, altaneta, yaani mashine ya kuchaji betri, au kidhibiti chake kina hitilafu, na betri ikiguswa kwa nyuma ya mkono itakuwa ya moto mno.

Jaribio hilo usilifanyie karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wala upande wenye viwanda vya samaki upepo ukielekea kwako. Nasema kwa utani lakini si utani sana. Mji wetu una harufu zake, na ukishaanza kuhofia gari, kila kinachonuka unakipa gari. Angalia pia chini ya zulia la buti na kwenye shimo la tairi la akiba kama umewahi kubeba samaki. Maji ya dagaa yakiingia mle, kiyoyozi kikiwashwa utaapa kuwa injini imeoza.

Ukiwa bado na pua kazini, jiulize kama kweli ni mayai. Petroli mbichi ni habari tofauti: ama injini inapiga misi, yaani silinda inaruka mwako, ama mvuke wa tangi unavuja, na wanaozidisha kujaza baada ya pampu kujizima wanaharibu mtungi wa mkaa unaonasa mvuke huo. Harufu tamu yenye moshi mweupe usiokatika ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili. Plastiki inayoungua mara nyingi ni kiroba kimenasa kwenye bomba la moto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini viroba bado vinatambaa barabarani kama kawaida. Na moja inayochanganya hata mafundi: oili ya giaboksi na ya difu ina viungo vya salfa, ikivuja ikadondokea ekzosi hunuka karibu sawa na mayai. Kwa gari la kilomita 5,200 ni nadra, ila kuinama na tochi hakuhitaji pesa.

Tuseme umethibitisha ni bomba na ni mayai. Sasa mafuta.

Neno kuchakachua limekuwa jibu la kila kitu tangu miaka ile petroli na dizeli zilipokuwa zikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi zaidi. Serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kugundua mchanganyiko, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya mchezo huo ikapungua. Sisemi umekwisha. Nasema petroli iliyotiwa mafuta ya taa ina dalili zake: injini inagonga ukipanda kilima, inakosa nguvu, moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi. Wewe unasema nguvu iko vilevile. Kwa hiyo shemeji akisema "mafuta", nakubaliana naye. Akisema "yamechakachuliwa", bado hana ushahidi.

Na kuna jambo wenye magari wengi hawalifikirii. Petroli ya nchi hii huagizwa kwa pamoja, meli zinashusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha magari ya mafuta yanapanda hadi kwetu. Sheli mbili za Mwanza zenye rangi tofauti zinaweza kuwa zinauza petroli iliyotoka meli moja. Ndiyo maana kubadilisha sheli husaidia sana kama tatizo liko kwenye matangi ya sheli yenyewe, yaani maji, uchafu, mafuta yaliyokaa muda mrefu bila kuisha, au mkono wa mtu. Kama shehena yenyewe imekuja na salfa nyingi, utahama sheli tatu na harufu itakufuata, kisha siku moja itakwisha yenyewe shehena nyingine ikifika. Waulize majirani wenye magari mapya. Wakiwa wananusa na wao, umeshapata jibu.

Jaribio lenyewe fanya hivi. Tumia mafuta uliyonayo hadi robo ya tangi, usishuke chini ya hapo. Rudi sheli yako ya zamani, au nyingine yoyote yenye foleni ya daladala na bodaboda mchana kutwa, maana foleni ina maana mafuta hayalali. Bei isikuamulie, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila mwezi na tofauti kati ya sheli na sheli ni shilingi chache. Jaza, pampu ikijizima inatosha. Chukua risiti ya EFD na uiweke, kwa sababu siku ukienda ofisi ya EWURA Kanda ya Ziwa bila risiti utabaki na hadithi tu. Rudia hivyo kwa matangi matatu. Tangi moja halitoshi: robo ya mafuta ya zamani bado imo, na masega bado yana salfa ya wiki tatu.

Katikati ya matangi hayo, lipe gari safari moja ya maana. Magu na kurudi inatosha. Au vuka daraja la Kigongo–Busisi uende Sengerema, ukapumzishe macho ziwani. Tangu lifunguliwe Juni 2025 huna haja tena ya kukaa kwenye foleni ya kivuko huku injini inawaka na kuzimwa, jambo ambalo nalo lilikuwa linachafua masega. Unachotaka ni nusu saa isiyokatika ya mwendo wa kilomita 70 hadi 80, injini ikiwa ya moto. Usishtuke harufu ikizidi mwanzoni. Hiyo ni salfa inatoka. Ikizidi kisha ikapungua siku zinazofuata, kesi yako ni mafuta na safari fupi, na hakuna cha kutengeneza kwenye gari. Ikibaki vilevile baada ya matangi matatu na safari mbili tatu, tuache mafuta, tuhamie kwenye injini.

Kwa nini injini? Kwa sababu mayai yanahitaji vitu viwili: salfa, na petroli kuzidi hewa. Tukishapunguza salfa harufu isipungue, ina maana petroli inazidi hata pale isipotakiwa. Hapo ndipo mashine ya kusoma gari inapofaa, hata kama taa ya cheki injini haijawaka, kwa sababu taa huwaka kosa likishakuwa kubwa. Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Fundi mwenye mashine ataichomeka, na wengi watakusomea kodi tu, yaani namba za makosa: "haina kosa, nenda." Usikubali kuondoka. Mwambie akuonyeshe marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, injini ikiwa ya moto.

Nieleze namba hiyo ni nini, maana ndiyo inayoamua. Kabla ya masega kuna sensa ya oksijeni inayoonja moshi na kuiambia kontroboksi kama petroli imezidi au imepungua. Kontroboksi inarekebisha, na inaandika imerekebisha kwa asilimia ngapi. Karibu na sifuri, tuseme kati ya kutoa 5 na kuongeza 5, injini iko sawa. Ukiona kutoa 10 au zaidi na inakaa hapo, kontroboksi inapambana kupunguza petroli inayoingia bila kuitwa. Ikishindwa kabisa ndipo utaona kodi P0172, maana yake mchanganyiko una petroli nyingi. Ikija P0420, inasema masega hayafanyi kazi kwa kiwango, na wengi hukimbilia kuyabadilisha. Ngoja kwanza. Salfa ikijaa inaweza kuyapunguza nguvu masega mazima kwa muda, na yakapona baada ya safari ndefu ya moto. Futa kodi, safiri, soma tena.

Petroli ya ziada inaweza kutoka wapi kwenye gari jipya? Nozeli, yaani kinyunyizio cha petroli, inayovuja hata ikiwa imefungwa. Presha ya mafuta iliyo juu kupita kiasi. Vali ya mvuke wa tangi iliyokwama ikiwa wazi, inayoingiza mvuke wa petroli kwenye injini muda wote. Sensa ya kupima hewa iliyochafuka, na kwa vumbi la baadhi ya njia zetu za mitaani, fungua sanduku la hewa uone kichujio kabla ya kumlaumu mtu. Kisha kuna moja inayoendana na maisha yako moja kwa moja: safari fupi huacha petroli isiyoungua ikateremka kwenye oili. Vuta kijiti cha oili asubuhi injini ikiwa baridi. Kama kiwango kimepanda juu ya alama au oili inanuka petroli, mvuke wake unarudi injini kupitia bomba la kupumulia na kuharibu mchanganyiko. Badilisha oili mapema kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Vitabu vingi vya gari vina ratiba ya pili kwa matumizi magumu, na safari fupi za kila siku zinahesabiwa humo, ingawa yeye mwenye gari hujiona analitunza.

Pengine utaambiwa gari limetoka Dar usawa wa bahari na "halijazoea hewa ya Mwanza." Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Gari la kabureta lingesumbuka. Lako lina sensa zinazopima hewa na kusawazisha petroli kila sekunde. Lilizoea kabla hujafika Shinyanga.

Nirudi kwa fundi wa bure. Kwa nini bure? Madini niliyoyataja juu yana soko. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilivuka dola 20,000 za Marekani, na ingawa bei hupanda na kushuka, masega ya gari jipya ni mali. Anayekata bure analipwa na yale anayoondoka nayo. Baada ya hapo sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega, itagundua na taa itawaka, kisha utauziwa kijibomba cha kuidanganya sensa. Waranti itakuwa imekufa siku hiyohiyo. Mayai yataondoka, ndiyo, kwa kuwa kiwanda chake kimekatwa, lakini petroli inayozidi, kama ipo, itaendelea kuzidi na kuosha oili kwenye silinda, na kaboni monoksaidi itatoka bila kugeuzwa hapo hapo getini mnapoteremka na watoto. Dawa za chupa za kumimina kwenye tangi nazo achana nazo kwa sasa. Nyingine huacha masalia kwenye plagi na masega, na zitatuvurugia jaribio.

Mambo machache hayasubiri matangi matatu. Taa ya cheki injini ikianza kumweta badala ya kuwaka tu, simama: silinda inapiga misi na petroli mbichi inaungulia ndani ya masega, yanaweza kuyeyuka. Ukiona bomba karibu na injini limekuwa jekundu usiku, vivyo hivyo, na usiegeshe juu ya majani makavu. Moshi ukinukia ndani ya gari, au watoto wakilalamika kichwa na kichefuchefu safarini, fungua vioo vyote na uzime. Kaboni monoksaidi haina harufu, kwa hiyo harufu nyingine yoyote ya ekzosi ndani ya gari ichukulie kuwa imekuja nayo. Usiendeshe buti likiwa wazi kwa sababu ya godoro au magunia; hewa ya nyuma ya gari huzunguka na kuuvuta moshi ndani.

Kwa wakala, usipige simu tena. Andika ujumbe au barua pepe, leo, kabla ya majaribio, ili tarehe ibaki kwenye kumbukumbu ndani ya muda wa waranti. Andika kilomita, lini ilianza, kwamba huanza baada ya kupanda kilima injini ikiwa ya moto, sheli ulizojaza na tarehe za risiti, na chaji ya betri kama umepima. Baada ya matangi matatu waongezee namba ya marekebisho ya mafuta, piga picha ya kioo cha mashine. Wakirudia kuwa ni kawaida, waulize ni kawaida hadi kilomita ngapi, na wakuandikie. Wakikubali kulipokea gari, waombe wapime presha ya mafuta na uvujaji wa nozeli kwanza kabla ya kugusa masega, kwa sababu masega mapya juu ya injini inayomwaga petroli yatanuka vilevile.